Kanari wa marehemu mama amenyamaza wiki ya tatu. Anaumwa, au ni upweke?

binti_wa_kwanza

Habari zenu wenzangu. Kwa wakubwa zangu, shikamooni.

Nina kanari dume wa manjano, ana miaka 4 kwa mujibu wa pete iliyo mguuni mwake. Alikuwa wa mama. Mama alifariki miezi miwili iliyopita, nami nikamhamisha ndege kutoka chumbani kwake nikamleta sebuleni ili asikae peke yake. Mwezi wa kwanza aliimba kama kawaida yake: anaanza na mlio wa chini chini, halafu koo linafura mpaka manyoya ya kidevu yanasimama, na wimbo unatoka huku mdomo wake karibu umefumba. Kila asubuhi ilikuwa hivyo.

Sasa ni wiki ya tatu hajaimba hata mara moja. Chakula anakula. Anarukaruka, ila si kama zamani, na mchana anapenda kujikunyata kwenye kijiti cha juu, amejitunisha kama bonge la pamba. Nikimsogelea anatoa "chwii" moja, basi.

Mimi naona anamlilia mama. Nakaa naye kila usiku. Nimeweka taa karibu na tundu, nazungumza naye mpaka saa sita, saa saba, maana hata mimi usingizi hauji. Nimeambiwa nimtafutie jike apate mwenzake. Nimnunulie? Au anaumwa? Nisaidieni jamani. Huyu ndege ndiye sauti niliyobaki nayo kutoka chumba kile cha mama.

manyoya_mawili

Pole sana dada kwa msiba. Mimi ningemtafutia mwenzake bila kusita. Nina kasuku wadogo wawili, mmoja alipokufa yule mwingine alinyong'onyea mpaka nilipomletea mwingine, na siku ileile akaanza kupiga kelele. Kama jike hapatikani upesi, mtundikie kioo tunduni ajione. Kiumbe hawezi kukaa peke yake.

mzee_wa_matundu

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mama, Mungu amlaze mahali pema.

Nakuomba jambo moja kabla ya mengine: wiki hii usinunue jike. Mwenzetu hapo juu ana nia njema, na kwa kasuku wake yuko sahihi, kwa kuwa wale huishi makundi makundi. Kanari ana tabia nyingine. Yeye ni wa ukoo wa chiriku, na dume huimba ili kulinda eneo lake na kumwita jike. Ukimwekea jike tunduni, wengi hupunguza kuimba, maana wanayemwita ameshafika. Tena nje ya msimu wa kuzaliana watagombea kijiti na kibakuli mpaka uwatenganishe. Ukikosea ukaletewa dume, watapigana mpaka damu itoke. Na kwenye kioo hatamwona rafiki, ataona dume mgeni ambaye hafukuziki. Zaidi ya hayo, ndege yeyote mpya anatakiwa akae chumba kingine kwa siku 30 hivi kabla ya kukaribia tundu la mwenyeji, kwa sababu magonjwa na utitiri huingia naye.

Nimefuga kanari miaka 31. Dume akinyamaza, mimi naanza na pumzi.

Leo usiku zima taa zote, subiri nyumba itulie, sogeza sikio karibu na tundu. Ukisikia mlio mdogo wa "tik, tik" kila anapovuta hewa, au ukimwona mkia wake unapanda na kushuka kama mtu anayepampu maji, au anapumua mdomo wazi, huenda ana utitiri unaoishi ndani ya njia ya hewa. Huo humpokonya ndege sauti kabla ya kumwangusha. Hapo ni daktari wa mifugo, tena anayewajua ndege. Dawa ipo, hudondoshwa kwenye ngozi ya shingo, lakini kipimo chake kinakwenda na uzito, na mwenzako huyo ana gramu 20 hivi. Ukikadiria kwa macho utamuua. Usimpake dawa ya kuku.

Pili, kidari. Mshike asubuhi kabla hajapata mwanga, gizani hatapapatika. Mgongo wake uegemee kiganja chako, shingo ipite kati ya vidole viwili. Usimbane kifua. Ndege hana kiwambo kama chetu, ule msuli ulio chini ya mapafu, hupumua kwa kidari kupanda na kushuka, ukikikandamiza umemziba pumzi. Pitisha ncha ya kidole katikati ya kifua. Utaugusa mfupa kama mkuku wa mashua. Nyama ikiwa imejaa pande zote mbili, mshukuru Mungu. Mkuku ukiwa umechongoka kama kisu, amekonda, hata kama unamwona ananona kwa yale manyoya aliyoyatunisha.

Hapa nikueleze kisa changu, bado kinaniuma. Kanari wangu wa kwanza nilimpa kibakuli cha mbegu kilichojaa pomoni. Nikakitazama jioni, mbegu zipo. Nikakitazama asubuhi, zipo. Jioni ya siku iliyofuata nikamkuta chini ya tundu, juu ya gazeti, macho yamefumba nusu, mabawa yamelegea. Nikakichukua kibakuli, sijui kwa nini, nikakipuliza. Kilichoruka ni maganda matupu. Chini kabisa zilibaki punje nne. Kanari humenya kila punje mdomoni, humeza kiini na kudondosha ganda palepale ilipotoka, hivyo kwa juu unaweza kuapa kwamba kibakuli hakijaguswa. Na mwili mdogo vile hauna akiba, siku moja au mbili bila chakula zinatosha. Nilimlisha yai lililopondwa kwa ncha ya kijiti, akameza mara tatu. Alfajiri alikuwa amekwisha. Toka siku hiyo sijawahi kuongeza mbegu bila kupuliza kwanza, na wewe nakuomba ukapulize sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Tatu, sakafu ya tundu. Tandika karatasi safi, kesho uhesabu manyoya yaliyoanguka. Kanari mzima hubadilisha manyoya mara moja kwa mwaka, baada ya msimu wa kuzaliana, siku zinapoanza kuwa fupi, na kazi hiyo huchukua wiki 6 hadi 8. Katika kipindi hicho dume hunyamaza kabisa, na si kwa kuwa ameamua tu. Mwaka 1981 Fernando Nottebohm, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller kule New York, alionyesha kwamba sehemu za ubongo wa kanari dume zinazoongoza wimbo hukua msimu wa kuimba unapofika na kusinyaa msimu ukipita. Kwa hiyo ukimya wa wakati huo unatoka ndani mpaka kwenye ubongo wenyewe.

Ila kuna jambo katika maelezo yako limenikaa vibaya, nalo ni ile taa. Kabla sijasema neno, niambie: mama alikuwa akifanya nini na tundu jua likizama?

Na ukimwona amekaa chini ya tundu, au amejitunisha mchana kutwa macho yamefumba huku ameshika kijiti kwa miguu yote miwili, usisubiri jibu langu. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu za kuuficha zimwishie.

seremala_wa_vijiti

Pole dada. Mzee amesema mengi, naongeza mawili kutokana na kazi yangu, maana natengeneza matundu.

La kwanza ni utitiri ule mwekundu wa nje, ambao mzee hajaugusa. Mchana hauonekani kwa sababu hujificha kwenye nyufa, kwenye ncha za vijiti, mahali ubao unapokutana na waya. Usiku hutoka kumnyonya ndege damu. Funika tundu kwa kitambaa cheupe usiku, asubuhi mapema kigeuze utazame upande wa ndani. Ukiona vidoadoa vyekundu vinatembea, vidogo kama ncha ya pini, umeshapata jibu la kwa nini amechoka. Niliwahi kuletewa tundu nitengeneze mlango, nikachomoa kijiti kimoja na shimo lake lilikuwa jekundu tupu. Ndege wa tundu lile alikuwa amepauka hadi mdomoni.

La pili: sebule yako iko karibu na jiko? Tafadhali angalia vikaango vyenu. Vile vilivyopakwa ngozi nyeusi isiyoshika chakula vikipata moto kupita kiasi hutoa moshi ambao mtu hausikii, na ndege anaweza kufa kwa dakika chache. Mapafu ya ndege hupitisha hewa upande mmoja, na kuna mifuko ya hewa mwilini mwake inayoisukuma mfululizo, kwa hiyo sumu ya hewani humfikia upesi kuliko sisi. Ndiyo maana wachimba makaa ya mawe Uingereza walishuka na kanari migodini kwa miaka mingi, kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane. Ndege akianguka, wanajua hewa ina sumu, wanakimbia. Waliacha kuwatumia mwaka 1986 tu, vilipoingia vifaa vya umeme. Naumia kila nikikumbuka hilo. Mtu unaye kanari nyumbani, mpe hewa safi.

Vijiti navyo visiwe vyote vya unene mmoja. Weka tawi la kweli lenye unene wa sentimita 1 hapa na 1.5 pale, nyayo zipate kupumzika.

binti_wa_kwanza

Nawashukuru wote, na mzee wangu shikamoo tena. Nimekaa siku tatu kabla ya kujibu kwa sababu nilitaka nifanye kila mlichosema.

Kibakuli nilikipuliza nikiwa bado nimeshika simu. Theluthi mbili yalikuwa maganda. Mbegu zilikuwapo chini, hakulala njaa, lakini mikono ilinitetemeka. Siku zote nilikuwa namwongezea juu.

Pumzi nimeisikiliza usiku wa pili. Kimya kabisa. Mkia umetulia. Kitambaa cheupe asubuhi kilikuwa safi, nikakitazama kwa tochi na lenzi. Jiko liko mbali na mlango wake hufungwa, ila kikaango kimoja cha namna hiyo nimekitoa nyumbani.

Kumshika niliogopa sana. Sikujua kama ana joto hivyo. Moyo wake haukuwa unadunda, ulikuwa unatetemeka tu kwenye vidole vyangu, kama simu iliyozimwa sauti. Kidari kina nyama, ila si nyingi. Mkuku naugusa bila kuutafuta.

Manyoya: kwa siku mbili nimehesabu 23. Matatu ni marefu, yamelingana, nadhani ni ya bawa. Mengine madogo ya manjano kama nyuzi. Na shingoni, nilipompulizia kidogo, nikaona vijiti vyeupe vinachomoza kwenye ngozi, kama sindano ndogo zimefungwa karatasi.

Sasa swali lako kuhusu mama. Nilikaa nikafikiri. Mama alikuwa na shuka la bluu. Jua likizama, hata kama kuna wageni, aliinuka akafunika tundu, na asubuhi akiamka alilifunua, ndipo ndege anaanza kuimba. Sisi watoto tuliona ni mazoea yake tu ya uzeeni. Nimelikuta shuka kabatini, limekunjwa, na ndani ya mikunjo kuna maganda ya mbegu bado. Mimi sijalitumia hata siku moja tangu nimhamishe. Nilidhani kumfunika ni kumtenga.

mzee_wa_matundu

Marahaba, binti yangu. Umefanya kazi nzuri kuliko wengi waliofuga miaka kumi.

Hizo sindano ulizoziona ni manyoya mapya yakiwa bado ndani ya ala zake. Ndege wako anabadilisha manyoya. Hilo ndilo linalomchosha, ndilo limemfanya ajitunishe na anyamaze.

Kwa nini sasa, jibu liko kwenye shuka. Kanari hana kalenda nyingine ila mwanga. Urefu wa mchana ndio unaomwambia mwili wake aimbe lini, atafute jike lini, apukutishe manyoya lini. Mama yako alimpa mchana mmoja na usiku mmoja, kila siku, kwa miaka. Wewe, kwa mapenzi, ukamwashia taa mpaka saa saba, na katikati ukamhamisha chumba. Mchana wake ukawa wa saa 18 na zaidi, halafu siku ambayo umechoka ukalala mapema ukafupika ghafla. Mwili ukasoma kwamba msimu umekwisha. Nimeliona hilo mara nyingi kwa ndege wanaokaa sebuleni na taa za jioni, kunyonyoka kusiko na msimu, na kama hakuna anayerekebisha mwanga, kunaendelea miezi hata miezi.

Kama anamkumbuka mama, mimi siwezi kuingia moyoni mwake nikakujibu. Ninachokiona ni kwamba amekosa usiku.

Basi lirudishe shuka. Jua likizama mfunike pande tatu na juu, acha upenyo mdogo wa hewa, na chumba kiwe giza. Apate saa 12 za giza, zisipungue 10. Fanya hivyo kwa saa ileile kila siku, kama wewe unatoka basi mwachie mtu. Akipapatika usiku kwa kushtuka, washa taa hafifu atafute kijiti chake, kisha izime.

Manyoya yametengenezwa karibu yote kwa protini, na mbegu peke yake hazitamtosheleza wakati huu. Mchemshie yai lishikane kabisa, lipondeponde, mpe kijiko kidogo cha chai mara tatu au nne kwa wiki, na baada ya saa mbili ondoa linalobaki, huoza upesi. Karoti ya kukwaruza na majani mabichi yaliyooshwa vizuri, kidogo kila siku. Mfupa wa ngisi uwepo tunduni muda wote kwa ajili ya madini. Parachichi asiguse hata kidogo, ni sumu kwake, vivyo hivyo chokoleti. Mpe sahani pana ya maji yenye kina cha sentimita 2 asubuhi aoge mwenyewe. Kuoga hulainisha zile ala zikafunguka. Upepo wa dirishani usimpige akiwa ameloa.

Na usimshike tena mpaka amalize. Nyoya jipya lina damu ndani, likivunjika litamtoka damu, na kwa gramu 20 matone machache ni mengi.

Kukaa naye endelea, ila mchana. Sogeza kiti karibu na tundu asubuhi ukinywa chai, zungumza naye kwa sauti yako ya kawaida. Kanari hapendi kubebwa wala kupapaswa kama paka. Yeye anataka kukuona ukiwa karibu na mkono wako ukae nje ya waya. Mama yako aliishi naye hivyo, na ndege akamwimbia.

binti_wa_kwanza

Nimesoma nikalia, mzee wangu, lakini si kwa uchungu. Swali langu la mwisho. Kwenye simu nina rekodi ya dakika mbili akiimba, na nyuma yake mama anasikika anamjibu, "ehe, ehe, nimesikia." Nikimchezea hiyo, itamsaidia kuukumbuka wimbo wake?

mzee_wa_matundu

Kwa sasa usimchezee. Wakati wa manyoya anahitaji utulivu, na akisikia dume anaimba karibu asimwone, hata kama ni yeye mwenyewe, anaweza kuhangaika. Hiyo rekodi ihifadhi mahali pawili, ni yako.

Tena nikuandae kwa hili mapema. Akianza tena, hataanza na wimbo. Utasikia kwanza kama mtu anayenong'ona amefumba mdomo, vipande vipande, anaacha, anarudia. Itachukua majuma kadhaa kukomaa. Na kanari si kama ndege wengine wanaojifunza wimbo mmoja utotoni ukawa huo hadi kufa. Kila mwaka, baada ya kubadilisha manyoya, huufanyia kazi upya. Vipande vingine hubaki, vingine huachwa, vipya huingia. Kwa hiyo usiusubiri ule wa kwenye simu neno kwa neno. Huenda ukasikia mwanzo wake wa chini chini uleule, kisha akageukia njia ambayo mama hakuisikia.

Nipe habari baada ya wiki 6. Mkuku ukizidi kuchongoka, au akianza kupumua kwa mkia, usisubiri wiki 6.

binti_wa_kwanza

Nitakuja kukuambia, inshallah.

Leo nimemfunika jua lilipozama. Nilikaa dakika chache gizani, nikamsikia anaruka kutoka kijiti cha chini kwenda cha juu, akasugua mdomo kwenye mti mara mbili, kisha hakusikika tena. Taa ya sebuleni nimeizima, naandika nikiwa chumbani kwangu.